Fahamu: Chipu Igeuzayo Tarakimu Kuwa Sauti

Mtu wa Aru, mji wa Ituri ulio kando ya mpaka wa Uganda, achomekapo katika kompyuta kijisanduku cha sauti kilichovushwa kutoka Arua, na rumba ikasikika safi, kazi kubwa huwa imefanywa na chipu isiyozidi ukucha wa kidole gumba, mfano wa PCM2704 ya Texas Instruments, ambayo hupokea tarakimu kwa waya wa USB na kuzigeuza umeme upandao na kushuka sawasawa na sauti.

Muziki wa sidii ni vipimo 44,100 kila sekunde, kwa kila upande, kila kimoja kikiwa miongoni mwa ngazi 65,536. Lakini uzito wa jambo, kwa rai yangu, hauko katika wingi huo bali katika wakati, kwani kompyuta huleta tarakimu mafungu mafungu, fungu kwa milisekunde, ilhali chipu yapaswa kuzitoa moja moja kwa mwendo usioyumba, nao ukiyumba, nyuzi za gita hupoteza ukali wake. Kwa hiyo chipu hujitengenezea saa, kwa msaada wa fuwele ya megahezi 12, na kuilinganisha daima na mafungu yaingiayo.

Tena hutosheka na volti 5 za waya ule ule, nayo kompyuta aghalabu huitambua bila kuongezewa programu; si faida haba kwa nyumba itegemeayo umeme wa jua.