Sensa mpya si dawa ya taa ya injini

WENYE magari wengi hugharimia sensa mpya ya oksijeni, wakaondoka gereji wakiwa wameridhika, kisha siku mbili tatu baadaye ile taa ya manjano yenye umbo la injini ikawaka tena kwenye dashibodi. Lawama humwangukia mekanika au muuzaji wa vipuri. Aghalabu, hata hivyo, sensa iliyong'olewa ilikuwa nzima, na kosa lake lilikuwa kusema ukweli.

Kifaa hicho, kilichobuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani na kutumiwa kwanza katika magari ya Volvo mnamo 1976, hukaa kwenye bomba la moshi na kupima oksijeni iliyobaki baada ya petroli kuungua. Kompyuta ya gari huitegemea ripoti hiyo ili kuongeza au kupunguza petroli. Magari mengi huwa na sensa mbili au zaidi. Moja hutangulia kataliti, yaani kifaa kinachosafisha moshi, na nyingine hukaa nyuma yake kuchunguza iwapo kataliti hiyo inafanya kazi.

Mkanganyiko huanzia kwenye mashine ya kusoma hitilafu. Nambari inayojitokeza haitaji kipuri kilichokufa, bali hueleza jambo ambalo kompyuta haikuridhika nalo. P0420 ina maana kwamba kataliti haisafishi moshi inavyopasa. P0171 huashiria kwamba hewa imezidi petroli. Nambari kama P0135 na P0141 ndizo huhusu hita iliyo ndani ya sensa yenyewe, na hata hapo huenda fyuzi imeungua au waya umegusa bomba la moto na kuyeyuka.

Kwa hivyo kabla ya shilingi nyingine kutumika, nambari isomwe upya. Ikiwa kumbukumbu ya kompyuta haikufutwa baada ya sensa kubadilishwa, taa huweza kuendelea kuwaka kwa muda. Kwa kawaida huzima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo zisizo na hitilafu. Desturi ya kufungua waya wa betri ili kuizima haifai. Huko ni kufuta ushahidi, na pamoja nao hupotea yale yote ambayo kompyuta ilikuwa imejifunza kuhusu injini hiyo.

Chanzo kinachopuuzwa sana ni tundu dogo kwenye bomba la moshi, hasa kwenye gasketi iliyo karibu na injini. Moshi hutoka kwa mipigo, na kati ya mpigo na mpigo hewa ya nje hufyonzwa ndani. Sensa huona oksijeni nyingi na kuripoti upungufu wa petroli, nayo kompyuta huongeza petroli ambayo haikuhitajika. Mwenye gari hulipia kosa hilo kila anapofika kituo cha mafuta. Uchunguzi wake ni rahisi: injini ikiwa bado baridi, maungio hunyunyiziwa maji ya sabuni, na panapotoka mapovu ndipo penye tundu.

Hewa huweza pia kuingilia upande wa mbele, kupitia mpira uliopasuka kati ya kichujio cha hewa na injini. Mekanika makini hutazama kwenye mashine kiasi cha petroli kinachoongezwa. Kikiwa juu gari likiwa limesimama huku injini ikinguruma, kisha kikashuka injini inapokanyagiwa mafuta, mpira huo ndio wa kushukiwa.

Kuna pia suala la kipuri chenyewe. Katika magari mengi ya Toyota, sensa ya mbele si ya oksijeni ya kawaida bali ni ya kupima uwiano wa hewa na petroli. Zinafanana kama pacha, lakini lugha zao kwa kompyuta ni tofauti. Katika maduka ya barabara ya Kirinyaga, Nairobi, umbo pekee halitoshi. Nambari ya kipuri yafaa ilinganishwe na ya fremu ya gari.

Sensa mpya nayo hufa mapema ikiwa injini inachoma oili au maji ya rejeta yanavuja ndani, au gasketi ilipakwa gundi ya silikoni isiyofaa. Risasi iliyokuwa ndani ya petroli haiwezi tena kulaumiwa, kwani mataifa ya Afrika kusini mwa Sahara yaliachana nayo kufikia 2006.

Taa ikianza kuwaka na kuzima mfululizo, hilo si la kusubiri mwisho wa mwezi. Petroli isiyoungua inaingia kwenye kataliti na kuipasha moto kupita kiasi, na bei ya kataliti huizidi ile ya sensa kwa mbali. Dereva apunguze mwendo, aegeshe mahali salama, kisha plagi na koili zikaguliwe kwanza.