Mkulima Mdogo wa Alunguli na Gharama ya Mto

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huhesabiwa miongoni mwa nchi tajiri kwa yale yaliyomo chini ya ardhi yake, na jimbo la Maniema, lenye madini ya bati huko Kalima na dhahabu huko Namoya, lina fungu lake katika hesabu hiyo, lakini utajiri huo haujampunguzia taabu mtu anayetaka kuishi kwa jembe. Alunguli ndiyo komini pekee ya mji wa Kindu iliyo kwenye ukingo wa mashariki wa mto Lualaba, ilhali Kasuku na Mikelenge ziko ng'ambo pamoja na stesheni ya reli na masoko makubwa. Hapo kuanza kilimo si kazi. Kazi ni kudumu ndani yake.

Nchini Ufaransa, kijana asiye na urithi wa shamba huzuiwa mlangoni na bei ya ardhi na mitambo, ingawa sheria ya mwaka 1960 iliunda mashirika yenye haki ya kuingilia kati uuzaji wa mashamba, na mikopo ya wakulima ina mizizi katika sheria ya mwaka 1894. Alunguli mambo yamegeuka: mlango uko wazi, kwani wazee wa ukoo humgawia mtu kipande cha msitu bila bei kubwa, naye akiwa na panga, shoka na jembe huanza, ila hapewi hati yoyote. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola, na kifungu chake cha 389 kikaahidi kwamba haki za wanaolima ardhi ya kimila zingepangwa kwa amri ya Rais. Miaka 40 baadaye amri hiyo ilikuwa bado haijatolewa. Ndiyo maana shamba haliwezi kuwekwa rehani, na ni vigumu kumlaumu mtu anayesita kupanda michikichi, ambayo huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, mahali anapoweza kuondolewa kesho.

Anachopanda ni mpunga, zao lililoletwa na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, zama za vituo vyao vya Nyangwe na Kasongo, likawa chakula na fahari ya Maniema. Ni mpunga wa nchi kavu, yaani unaotegemea mvua badala ya maji ya kuelekezwa shambani: msitu hukatwa na kuchomwa wakati wa kiangazi, mbegu hupandwa mvua zinaporudi, na masuke yakianza kukomaa watoto hushinda shambani wakifukuza ndege. Baadaye hufuata mihogo, inayotoa unga na sombe, yaani mboga ya majani yake.

Hasara kubwa, hata hivyo, iko kwenye maji. Gunia hubebwa kichwani au kwa baiskeli hadi ukingoni, hulipiwa mtumbwi, kisha hulipiwa wapagazi wa upande wa pili, kwa sababu hakuna daraja. Mpunga ukikobolewa hupoteza takriban theluthi moja ya uzito wake, hivyo anayevusha kilo 100 za mpunga hulipia pia safari ya kilo zaidi ya 30 za maganda na pumba. Angekoboa upande wake, angevusha mchele mtupu na pumba zikabaki kwa kuku na bata wake. Kinu na mchi vinaweza kufanya kazi hiyo, lakini vinawamaliza wanawake, ambao tayari wamepalilia na kuvuna.

Mtaji hutoka kwenye likelemba, mchango wa zamu ambao kila mwanachama huupokea kwa mpango, nao hutosha jembe na mbegu, si mashine. Machimbo hulipa mapema kuliko mpunga, unaosubiriwa miezi minne au zaidi, na kijana anayekwenda huko hafanyi uvivu bali anapiga hesabu. Serikali za Afrika ziliahidi mjini Maputo mwaka 2003 kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, na Kongo imebaki chini sana ya kiwango hicho. Anayetaka kweli vijana wa Alunguli walime, na aanze na mashine ya kukobolea kwenye ukingo wao wa mto, na hati ya shamba mikononi mwao.