Breki Zinapopungua Nguvu Kabla ya Ndege Kutua

Hitilafu ya breki katika ndege kubwa ya abiria hushughulikiwa zaidi angani kuliko ardhini, kwa sababu magurudumu yakishagusa ardhi rubani hubaki na sekunde chache tu za kuamua, ilhali angani, maadamu mafuta yapo, anaweza kuzunguka, kupima na kuchagua.

Breki ya ndege ya kisasa huundwa kwa diski za kaboni, nyingine zikizunguka pamoja na gurudumu na nyingine zikiwa zimesimama. Rubani anapokanyaga pedali, mafuta ya haidroliki, yaani mafuta maalumu yanayosukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya mabomba, huzisukuma pistoni zinazozibana diski hizo mpaka msuguano uugeuze mwendo kuwa joto. Kwa kuwa nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi, ndege inayotua kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 10 huzitwika breki kazi iliyozidi kwa asilimia 21. Ndiyo maana breki haziachwi peke yake: vibao vilivyo juu ya mabawa huinuka ili kulinyima bawa nguvu ya kuinua na kuulaza uzito wa ndege juu ya matairi, na injini hurudisha upepo mbele, jambo liitwalo msukumo wa kinyume.

Tarehe 4 Novemba 2010, misaada hiyo yote ilipungua kwa pamoja katika ndege ya Qantas ya aina ya Airbus A380, safari namba QF32, iliyokuwa imeondoka Singapore kwenda Sydney ikiwa na watu 469. Diski ya turbini katika injini ya pili ilipasuka, na vipande vyake vikatoboa bawa la kushoto, vikakata nyaya na kuharibu mabomba ya mafuta na ya haidroliki. Breki za sehemu ya magurudumu zilibaki na uwezo mdogo, baadhi ya vibao vya mabawa havikufanya kazi, na kwa kuwa A380 ina msukumo wa kinyume katika injini mbili za ndani tu, kufa kwa injini ya pili kulimaanisha kubaki na mmoja.

Kapteni Richard de Crespigny na wenzake hawakukimbilia kutua. Kwa takriban dakika 50 waliipitia orodha ndefu ya hitilafu, na hapo ndipo ustadi wao unapostahili kuangaliwa kwa karibu. Ndege ilikuwa imezidi uzito unaoruhusiwa wa kutua kwa zaidi ya tani 40, na walipoingiza taarifa zote katika programu ya kukokotoa umbali wa kutua, haikutoa jibu. Walipoondoa makadirio yanayohusu barabara ya kutua iliyolowa, kwa kuwa barabara ya Changi, uwanja wa Singapore waliokuwa wakirudi kutua, siku hiyo ilikuwa kavu, programu ilionyesha kwamba barabara hiyo yenye urefu wa mita 4,000 ingetosha, na mita 100 hivi zingebaki. Kisha waliyateremsha magurudumu kwa uzito wake yenyewe na kuijaribu ndege ikiwa bado juu ili kuona kama ingetawalika kwa mwendo wa polepole.

Baada ya kutua, ndege ilisimama ikiwa imebakiza takriban mita 150 za barabara, matairi manne yakiwa yamepasuka, breki zikiwaka joto na mafuta yakivuja karibu nazo, huku injini ya kwanza ikikataa kuzimika. Zimamoto walipomwaga povu, kapteni aliamua abiria wabaki ndani kwanza, kisha washuke kwa ngazi badala ya kuteleza kwenye maputo ya dharura kuelekea penye mafuta na injini inayonguruma. Uamuzi huo ulikuwa sahihi: hakuna aliyejeruhiwa.

Kwa hiyo abiria ambaye ndege yake imesimama salama baada ya kutua kwa dharura asifungue mkanda wala kuukimbilia mlango kabla ya wahudumu kuagiza, kwa kuwa hatari iliyo nje huenda asiione kutoka kwenye kiti chake.