Vidudu vya maua: dawa ya mbu haitoshi

Msimu wa mvua, Bukavu ao Goma, vidudu vidogo vyeusi vinaruka juu ya maua ya ndani ya nyumba. Wengi munapuliza dawa ya mbu. Kesho vingine vinatoka. Ni juu watoto wao, viminyoo vyeupe, wako ndani ya udongo wenye kulowana, sentimeta 5 za juu, wanakula ukungu na mizizi midogo. Havileti malaria, lakini miche michanga inaweza kufa.

Ingiza kidole: udongo ukiwa bado na majimaji, usimwange mengine. Toboa kopo chini. Weka kipande cha kiazi kibichi juu ya udongo. Siku 2 ao 3 viminyoo vinakusanyika chini yake, unakitupa mbali. Endelea wiki 4, sababu mayai bado yanapasuka. Dawa ya shamba ndani ya chumba wanamolala watoto? Hapana kabisa.