Kumlilia Mtu Ambaye Hukuwahi Kuonana Naye: Mwongozo kwa Mama na Mlezi

Usiku wa tarehe 24 Februari 2018, mwigizaji wa filamu za Kihindi, Sridevi, alifariki dunia hotelini mjini Dubai akiwa na umri wa miaka 54. Alikuwa amesafiri kwenda Falme za Kiarabu kwa ajili ya harusi ya mpwa wa mumewe. Tarehe 28 Februari, maelfu ya watu walijipanga barabarani mjini Mumbai tangu asubuhi ili kumuaga, na serikali ikampa heshima za kitaifa. Wengi wa waliosimama pale hawakuwahi kupeana naye mkono, lakini walilia kama waliofiwa na dada yao.

Afrika Mashariki nako alikuwa na wapenzi wake. Filamu za Kihindi zilionyeshwa kwa miongo mingi katika kumbi za sinema za Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, yakiwemo maonyesho ya wanawake pekee. Baadaye zikaingia sebuleni kwa kanda za video na televisheni. Mama aliyekuwa msichana zilipotoka Nagina (1986), Mr. India (1987) na Chandni (1989) anaweza kuwa amekua na sura hiyo nyumbani kwao.

Katika nyumba nyingi, anayemlilia msanii huchekwa. Huulizwa, "Kwani alikuwa shangazi yako?" Makala haya yanaeleza kwa nini huzuni hii ni ya kweli, inavyougusa mwili, na jinsi unavyoweza kumsaidia mwanao, mama yako au wewe mwenyewe.

Kwa nini inauma hivyo?

Mwaka 1956, watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, walieleza uhusiano unaojengeka kati ya mtazamaji na mtu anayemwona kwenye skrini. Ni uhusiano wa upande mmoja: wewe unamjua, yeye hakujui. Hata hivyo, hisia zinazojengeka ni za kweli. Ukiona sura ileile na kusikia sauti ileile kwa miaka, moyo humzoea mtu huyo kama unavyomzoea jirani.

Mfikirie Sridevi. Alianza kuigiza akiwa mtoto mdogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alipumzika, akalea binti zake wawili, kisha akarudi mwaka 2012 na filamu English Vinglish. Humo aliigiza kama Shashi, mama anayepika na kuuza vitamu vya laddu, ambaye mumewe na binti yake humcheka kwa kutojua Kiingereza. Anaposafiri kwenda New York kusaidia maandalizi ya harusi ya mpwa wake, anajiandikisha kwa siri kwenye darasa la Kiingereza. Mwanamke aliyewahi kudharauliwa nyumbani kwake mwenyewe alijiona katika filamu hiyo.

Mtu kama huyo anapofariki, mtazamaji hupoteza pia kipande cha maisha yake. Humkumbuka mama yake waliyekuwa wakitazama pamoja, ambaye labda naye ameshatangulia. Hukumbuka ujana wake na nyumba waliyohama. Ndiyo maana ukimwona mtu analia kuliko ulivyotarajia, usiharakishe kusema anazidisha. Huenda msiba huu umegusa msiba mwingine ambao haukuwahi kuliliwa vya kutosha.

Msiba usio na matanga

Tukifiwa na ndugu, watu huja. Kuna anayepika, anayekaa nasi usiku, na kila anayeingia husema pole. Shabiki aliyefiwa na msanii hana hayo. Kesho yake anatakiwa kwenda shule, sokoni au kazini kama kawaida.

Mwaka 1989, mtaalamu wa masuala ya maombolezo Kenneth Doka alieleza huzuni ya aina hii, yaani ile ambayo jamii haiitambui wala kuipa nafasi. Anayeihisi hujificha, hujionea aibu, na mara nyingi hukaa nayo muda mrefu zaidi kwa sababu hana pa kuitua. Neno "pole" kutoka kwa mama au bibi linaweza kuwa ruhusa ambayo mtoto alikuwa akiisubiri.

Mwili nao huomboleza

Katika siku za mwanzo, ni kawaida mtu kukosa usingizi au hamu ya kula, kuumwa kichwa, kuchoka haraka, kusahau na kulia bila kutarajia. Kwa kawaida dalili hizi hupungua kidogo kidogo. Lakini kuna mambo mawili ambayo kila mama anapaswa kuyajua.

*Maumivu ya kifua.* Huzuni au mshtuko mkubwa unaweza kudhoofisha misuli ya moyo kwa muda. Madaktari wa Japani walieleza hali hii mwaka 1990 na kuiita takotsubo, jina la chungu cha kutegea pweza, kwa sababu moyo huchukua umbo kama la chungu hicho. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Wengi hupona, lakini dalili zake hufanana na za mshtuko wa moyo, na huwezi kuzitofautisha ukiwa nyumbani. Mtu akipata maumivu ya kifua au akishindwa kupumua vizuri, mpelekeni hospitali mara moja. Msiseme tu, "Ni majonzi, yatapita."

*Maziwa ya mama.* Mama anayenyonyesha anaweza kuona maziwa yanachelewa kutoka akiwa na huzuni kubwa, kwa sababu msongo huzuia kwa muda homoni inayoyasukuma. Lakini huzuni haiharibu maziwa wala kuyafanya kuwa sumu. Endelea kumnyonyesha mtoto, mkumbatie kifuani ngozi kwa ngozi, kunywa maji ya kutosha na pumzika kila unapopata nafasi.

Habari zinapogeuka mzigo

Baada ya kifo cha Sridevi, taarifa za kwanza zilisema moyo wake ulisimama ghafla. Siku mbili baadaye, mamlaka za Dubai zilieleza kwamba alizama kwa bahati mbaya katika hodhi la kuogea baada ya kupoteza fahamu. Katikati ya taarifa hizo mbili ulijaa uvumi. Baadhi ya vituo vya televisheni nchini India viliigiza tukio hilo kwa picha za hodhi, jambo lililolaumiwa na wengi. Waombolezaji walilazimika kuyatazama hayo wakiwa bado na machozi.

Uvumi huumiza kwa sababu humrudisha mtu kwenye dakika ya kifo mara kwa mara, badala ya kumwacha akumbuke maisha. Nyumbani kwako unaweza kufanya haya:

- Chagua wakati mmoja wa siku wa kupata habari, kisha zima. Usiiache televisheni ikiunguruma siku nzima watoto wakiwepo.
- Usisambaze picha za maiti au za mahali pa kifo, hata ukitumiwa na mtu unayemwamini.
- Subiri taarifa ya familia au ya mamlaka kabla ya kusimulia chanzo cha kifo.
- Kumbuka kwamba wenye msiba wana watoto. Binti mkubwa wa Sridevi, Janhvi, alikuwa na miaka 20 tu alipompoteza mama yake.

Kuzungumza na mtoto

Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano mara nyingi hudhani aliyekufa anaweza kurudi. Filamu humchanganya zaidi, kwa kuwa jana mwigizaji alitangazwa amefariki na leo anacheza na kuimba kwenye televisheni. Mweleze kwa maneno mafupi: "Amefariki. Mwili wake umeacha kufanya kazi na hatarudi. Hii ni filamu iliyopigwa zamani, alipokuwa hai."

Epuka kusema "amelala" au "amesafiri". Mtoto anaweza kuanza kuogopa kulala, au kulia kila unapofunga mkoba wa safari.

Akiuliza alikufaje, sema ukweli unaolingana na umri wake. Mtoto aliyesikia kwamba mtu alizama akioga anaweza kukataa kuoga. Usimlazimishe wala kumcheka. Mwambie, "Ajali kama ile ni nadra, na mimi niko hapa nawe." Kisha kaa naye anapooga. Kwa mtoto mdogo, kufanya hivyo ni usalama wa kila siku, kwa sababu anaweza kuzama hata kwenye maji machache ya beseni au ndoo. Usimwache peke yake kwenye maji hata kidogo, na mwaga maji ya beseni mara mnapomaliza.

Kijana wa umri wa kubalehe huenda asitake kuzungumza nawe kabisa, akapendelea kukaa na wenzake wanaomlilia msanii huyohuyo. Hilo si tusi kwako. Mwachie nafasi, lakini uwe karibu. Swali kama "Ni filamu yake ipi uliyoipenda zaidi?" hufungua mlango kuliko "Unalia nini?"

Namna ya kumsindikiza anayeomboleza

- Sema pole kama unavyompa pole mfiwa mwingine yeyote. Usipime ukubwa wa huzuni yake.
- Tazameni pamoja filamu moja ya marehemu, mkumbushane mliitazama wapi na nani mara ya kwanza.
- Mtoto anaweza kuchora picha, kuandika barua au kukusanya nyimbo alizozipenda. Familia yenye desturi ya kuomba inaweza kumwombea marehemu na wafiwa.
- Hakikisha anakula, anaoga, analala na kutoka nje kidogo kila siku.
- Mpe kazi ndogo za kawaida. Mwaka 1999, watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: saa hii analia, saa ijayo anaosha vyombo na kucheka. Kucheka hakumaanishi kwamba amesahau, na kulia tena hakumaanishi kwamba amerudi nyuma.

Nawe mama unayewatuliza wengine, huzuni yako isisukumwe hadi watoto walale. Ukilia mbele yao, waeleze tu: "Mama ana huzuni kwa sababu alimpenda yule msanii. Nitakuwa sawa." Mtoto hujifunza kwamba machozi si ugonjwa wala aibu.

Lini utafute msaada?

Nenda kituo cha afya, au zungumza na mhudumu wa afya ya jamii au mshauri nasaha, ukiona mojawapo ya haya:

- Baada ya takribani wiki mbili mtu bado hali, halali, au hawezi kurudi shuleni au kazini.
- Anajitenga na watu wote, au ameanza kutumia pombe au dawa ili alale.
- Mtoto amerudia tabia za udogoni, kama kukojoa kitandani, na haziishi.
- Huzuni kali inaendelea kila siku kupita miezi sita na inamzuia kuishi maisha yake. Shirika la Afya Duniani linaitambua hali hii kama tatizo la kiafya lenye tiba.
- Anasema maneno kama "bora na mimi nife" au "nataka kumfuata". Hili halisubiri. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu na vitu vyenye ncha kali karibu naye, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kuwa makini zaidi pale msanii anapokuwa amejiua. Vijana wanaompenda huwa katika hatari kubwa zaidi katika siku zinazofuata, hasa habari zinapoeleza njia aliyoitumia. Usisimulie njia hiyo mbele yao. Zungumza nao kuhusu maumivu, na kuhusu watu wanaoweza kusaidia.

Wengi wanaomlilia msanii hawatahitaji daktari. Watahitaji mtu mmoja nyumbani wa kuketi nao, kuwasikiliza, na kuwapa pole bila kucheka.