Jina la Mtu na Herufi Pana katika Lugha ya C

Wazazi wengine huuliza, Chama cha Kompyuta chatufundisha nini zaidi ya kuchezea mashine? Napenda kuwajibu kwa mfano mmoja mdogo, nao ni jina la mtu.

Twaa jina Mũmbi. Sisi twaona herufi tano. Lakini kompyuta haijui herufi. Yajua hesabu tu, nazo huwekwa katika vipimo vidogo viitwavyo baiti. Katika lugha ya C jina hili laweza kuwekwa kwa namna mbili.

Namna ya kwanza ni herufi pana. Kila herufi hupewa nafasi sawa, kama vitanda vya bwenini: mrefu na mfupi wote hulala kitanda cha kipimo kimoja. Katika Linux nafasi hiyo kwa kawaida ni baiti 4, basi Mũmbi huchukua baiti 20. Faida yake ni kwamba ukiitaka herufi ya tatu, wajua mara moja ilipo.

Namna ya pili ni herufi za baiti nyingi. Mtindo wake utumikao sana ni UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992. Hapa kila herufi huchukua nafasi kadiri ya haja yake. M, b na i huchukua baiti 1 kila moja. Ũ huchukua 2. Herufi za Kiarabu, ambazo wazee wa pwani waliandikia Kiswahili, nazo huchukua 2. Sasa Mũmbi ni baiti 6 tu, na hivi ndivyo aghalabu liandikwavyo katika faili au kupelekwa kwa mashine nyingine.

Kazi ya kugeuza namna ya kwanza kuwa ya pili hufanywa na wcstombs:

setlocale(LC_ALL, "");
n = wcstombs(nje, jina, sizeof nje);

Mambo matatu yatupasa kuyaangalia.

Kwanza, mstari wa setlocale usiachwe. Programu ya C inapoanza hufuata desturi ya asili iitwayo “C”, na katika Linux desturi hiyo haiijui ũ. Mstari huu huiagiza programu ifuate desturi ya mashine yenyewe.

Pili, nafasi itoshe. Zidisha idadi ya herufi kwa MB_CUR_MAX, kisha ongeza 1 kwa ajili ya baiti ya sifuri ifungayo maneno.

Tatu, soma jibu. Likiwa (size_t)-1, iko herufi iliyokataa kugeuzwa. Likiwa sawa na nafasi yote uliyotoa, sifuri ya kufunga haikuandikwa, na huenda jina limekatwa.

Je, haya ni mambo madogo? Nimepata kuona orodha ambamo rafiki yangu aliandikwa M?mbi. Jina la namna hiyo likiingia katika cheti, mwenyewe huhangaika kuthibitisha kuwa ndiye. Kumbe aliyeandika programu angaliweza kuzuia hayo kwa mistari michache.

Basi, ninyi wa Kidato cha Pili mtakaotupokea chama hiki, msiridhike programu ikisoma Ali na Juma tu. Ijaribuni kwa Mũmbi pia.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne