Kioo cha Gari na Siri ya Upepo wa Baridi

Askari aliyewahi kufika penye ajali ya barabarani bila shaka ameona ajabu hii: kioo cha mlango wa gari kimemwagika chini kama chumvi ya mawe, hali kioo cha dirisha la nyumba kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha kama kisu. Vyote viwili vimetokana na mchanga. Vimetofautiana katika kupozwa.

Kioo cha nyumba hupozwa polepole kiwandani, kisibaki na mvutano ndani. Kile cha gari, kikiisha kukatwa, hurudishwa tanuruni hata kifikie joto la digrii 620 hivi za sentigredi, kisha hupigwa ghafla kwa upepo mkali pande zote mbili. Ngozi yake huganda kwanza, moyo ungali moto. Moyo nao unapopoa hutaka kunywea, lakini ngozi iliyokwisha kuwa ngumu haikubali. Basi moyo hubaki ukivuta, na ngozi hubaki imebanwa. Ufa hauanzi kwa urahisi mahali palipobanwa. Ndiyo maana kioo hiki hupata nguvu mara nne hivi ya kile cha kawaida. Upepo ukiwa dhaifu, ngozi na moyo hupoa karibu pamoja, na nguvu hiyo haipatikani.

Mwaka 1661 wataalamu wa Royal Society mjini London walichunguza matone ya kioo yaliyoangushwa majini yangali moto. Kichwa cha tone kilistahimili nyundo. Mkia ukivunjwa, tone zima lilisambaratika.

Na mlango wa gari una mkia wake. Nimemwona kijana shupavu akipiga katikati ya kioo mara tatu, pigo likimrudia, na ndani ya gari moshi unazidi. Katikati kioo hunesa. Piga karibu na kona, kwa kitu kigumu chenye ncha; ufa ukipenya ngozi na kufika moyoni, mvutano wote hufunguka mara moja.

Kioo cha mbele kiache: hicho ni vioo viwili vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki, hupasuka bila kuanguka. Baadhi ya magari mapya yana vya namna hiyo hata milangoni.

Kabla ya kupiga, mwamuru aliye ndani afumbe macho na ageuze uso. Punje hizo hazichomi kama kisu, lakini huruka.